Somo la Kushika Kiuno

Mimi hutibu watu kwa mazoezi ya viungo hapa Kisumu, na nimezoea kudanganywa. Mgonjwa akisema amefanya mazoezi nyumbani, huwa siamini. Mama Atieno, muuza nyanya wa soko la Pap Onditi mwenye goti bovu, nilimshuku kuliko wote. Kila kliniki alinijibu haraka, "Nafanya yote, daktari, vile ulinionyesha."

Semina moja ya kazi ilitufundisha kwamba mgonjwa hujifunza kwa kuiga. Kwa hivyo nilikaa kitini mbele ya Mama Atieno, nikasimama bila kushika kitu, mara kumi.

Jumamosi nikaenda sokoni kumnasa, nikachuchumaa nyuma ya magunia ya mahindi. Nikamwona akiwafundisha wenzake. Walikaa pamoja, wakasimama pamoja, kisha wote wakashika kiuno, wakakunja uso na kuguna, "Uuui."

Nikajua nimemnasa, maana hayo ya kiuno sikumfundisha. Nikainuka nimkemee, na mgongo ukanikata. Nikashika kiuno, nikakunja uso, nikaguna, "Uuui."

Wote wakageuka. Mama Atieno akanitazama kwa mashaka.

"Kumbe hiyo haikuwa zoezi? Ni mgongo inakuuma, daktari, na wewe mwenyewe mazoezi hufanyangi?"