Chanuo la Binti Yangu

Jirani yetu wa ghorofa ya chini pale Hyattsville, Marekani, ni mama wa Kikongo mwenye mkono mwepesi wa kusuka na mdomo mwepesi zaidi. Ijumaa moja alinisimamisha kwenye ngazi, nimetoka kazini hospitali Laurel na sare bado mwilini, akaanza kucheka kabla hajasema neno.

"Mama, mutoto yako ameniomba nikuwe namusuka kila samedi. Anasema weye hauna nafasi."

Nikacheka naye. Nilipoingia ndani nilijifungia bafuni, nikakaa huko mpaka nikaweza kutoka na uso wa kuonyesha watu. Niliona wivu, tena wivu wa kitoto.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa, na hakusema uongo. Jumamosi, hiyo samedi ya jirani, ilikuwa siku yetu ya kichwa. Tangu mdogo alikaa mkekani katikati ya magoti yangu, chanuo na kopo la mafuta ya nazi pembeni, na hapo ndipo aliponisimulia mambo ya wiki nzima. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza au kwa kuchanganya. Nikimshika kichwa tu ndipo Kiswahili humtoka chenyewe. Kisha mpira wa kikapu ukaja ukakaa kwenye Jumamosi yetu.

Lawama ni yangu. Tanga nilicheza kikapu mpaka magoti yakanishinda, na nina ugonjwa wa kutoweza kusema hapana mtu akitaja mpira. Mwenzangu kazini, mama wa watu wa asili wa kusini mwa Maryland, wale waliokuwapo kabla ya wengine wote kufika, aliniambia kwamba wasichana wao wana ukumbi na wana vikapu ila hawana wa kuwafundisha. Nikasema nitakwenda mara mbili. Mwaka wa tatu huo nilikuwa bado naenda, saa nzima kwa gari, na binti yangu kiti cha nyuma na kitabu chake. Baba yake hufanya kazi Jumamosi, kwa hiyo hakuwa na hiari.

Asubuhi iliyofuata maneno ya jirani nilijifanya sijui kitu. Nywele zake zilikuwa na wiki tatu hazijasukwa, zimesimama timutimu, amezifunika kwa kofia ya sweta. Nikatia chanuo na mafuta kwenye mkoba wa mipira, nikamwambia nitamsuka hukohuko ukumbini wasichana wakipumzika.

"Ulipromise last week pia," akasema.

Nikamwambia safari hii ni kweli, na nilikuwa namaanisha.

Mazoezi yalikwenda vizuri, na mimi mambo yakienda vizuri husahau dunia. Wasichana kumi na mmoja, wanakimbia, wanapasiana, na mmoja wao, mrefu, wa miaka kumi na mitatu hivi, anarusha mpira kwa utulivu ambao mimi sikuwahi kuwa nao. Nywele zake zilimfika kiunoni. Siku zote zilikuja zimesukwa msuko mmoja mzito, lakini siku hiyo msuko ulifumuka katikati ya mchezo, zikamwagikia usoni, akakosa vikapu viwili.

Nilipuliza filimbi ya mapumziko. Nikamwita, nikamkalisha sakafuni mbele ya benchi, nikambana kwa magoti, nikatoa chanuo mkobani na kuanza kumsuka. Sikufikiri hata kidogo. Nilikokulia, mtoto akipita na kichwa kibovu, shangazi yeyote wa mtaa humkamata, akamkalisha na kumsuka huku akimsema, na mama mtu hushukuru. Msichana alitulia kabisa, nami nikajisifu moyoni kwamba huyu ana adabu.

Bibi yake alikuwa amekaa kwenye viti vya upande wa pili. Alivuka uwanja polepole, akasimama mbele yetu. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Aliniambia kwamba katika familia yao nywele za mtoto haziguswi na mgeni. Husukwa na mtu wake wa nyumbani, na kuna maneno ya kumwombea ambayo husemwa wakati wa kusuka. Zamani alizisuka mama yake. Mama yake alifariki, sasa anazisuka yeye.

Mikono yangu ilibaki hewani. Niliomba radhi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kwa sababu nilichanganyikiwa. Bibi akasema anaelewa kwamba sikujua, akakaa mahali pangu, akazifumua zote nilizosuka na kuanza upya, midomo ikimchezacheza. Msichana alifumba macho. Hapo nikaelewa kwamba kule kutulia kwake kwangu kulikuwa kuvumilia.

Kisha bibi, bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Na yule anasukwa na nani?"

Niligeuka. Binti yangu alikuwa mwisho wa benchi, kofia imemfika machoni, na hakuwa anasoma. Alikuwa anatazama chanuo mkononi mwangu. Lilikuwa lake, la rangi ya waridi, limevunjika meno mawili.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata mbele ya wazazi wangu. Nikaenda nikakaa karibu naye, nikamwambia njoo. Hakusogea.

"Unataka sasa sababu yule bibi amekuambia," akasema kwa Kiingereza.

"Ndiyo," nikamjibu. "Na kwa sababu nimekosa."

Alishuka sakafuni, akakaa katikati ya magoti yangu, akanipa mgongo. Nikawaambia wasichana wakubwa waendeshe mazoezi wenyewe. Mpira ulipotea njia ukaja mpaka miguuni pangu, mikono ikaniwasha. Nikauacha, akaurudisha binti yangu kwa teke. Niligawa njia ya kwanza, nikatia mafuta. Sina maneno ya kale ya kusema juu ya nywele, nikasoma dua niliyoijua, kwa sauti ndogo.

Tulifika nusu ya kichwa, mlinzi akaja kufunga ukumbi. Upande mmoja mistari imelala safi, upande mwingine msitu. Kwenye gari nilimwambia avae kofia, watu wasimcheke.

Hakuvaa. Tulipokaribia Lanham, si mbali na nyumbani, aliongea kwa Kiswahili, polepole.

"Mama, mwambie jirani sitakuja kusukwa. Tutamaliza nyumbani."