Mama Aliyezima Mabembea Siku ya Idi Pili

Habari ya kifo chake ilinikuta sokoni Mwigobero, hapa Musoma, Jumanne asubuhi, nikiwa nimeinama juu ya turubai la dagaa nikichagua waliokauka vizuri. Muuzaji, ambaye ananijua kwa miaka mingi, aliacha kupima akaniangalia. "Mwandishi, umesikia? Yule mama wa mabembea amefariki. Alikuwa Bunda kwa mdogo wake, pale Nyasura. Ameugua siku nne tu. Leo wanampeleka kwao Butiama." Niliinuka taratibu. Mama wa meza ya pili alidakia, "Jamani! Huyo si ndiye alinirudishiaga wigi langu?" Mpakuaji wa mizigo aliyekuwa akipita na gunia begani akasimama na gunia lake: "Mimi alinipa funguo ya pikipiki, baada ya wiki nzima. Alinitafuta mpaka nyumbani!" Mwingine alikuwa na habari ya kiatu cha mtoto, mwingine ya hereni, mwingine ya cheti cha ndoa kilichosahauliwa kwenye kiti cha treni ya watoto. Kwa robo saa nzima soko lile la samaki lilichemka, kila mtu akitaka kumpokonya mwenzake neno, na mimi katikati yao nikawa nacheka huku machozi yananilenga. Nimehudhuria misiba mingi, msomaji wangu, lakini sijawahi kusikia maombolezo yenye furaha namna ile.

Kwa wasiomfahamu, niseme alikuwa nani. Kuna kampuni ndogo ya michezo ya kupanda ambayo kila sikukuu huzunguka mkoani kwetu na malori yake mawili: gurudumu kubwa, treni ya watoto, na yale mabembea ya minyororo yanayozunguka kwa kasi mpaka miguu ya watu inaelekea mawinguni. Huweka kambi Musoma, kisha Bunda, na mavuno yakiwa mazuri hufika hadi Butiama. Marehemu alianza kama mkata tiketi, baada ya kuacha kazi ya upishi katika shule moja ya bweni. Haikuchukua muda akaona jambo ambalo wenzake walikuwa wakiliona kila siku bila kuliona: kila mzunguko ulipoisha, chini ya viti palibaki vitu. Ndala, simu, miwani, kofia, vitambulisho. Vijana wa mitambo waliviokota wakavitupa kwenye ndoo moja, na mwenye chake alikuja kupekua ndoo kama anayetafuta kokoto kwenye mchele. Yeye aliomba meza. Akaomba daftari. Akashona vifuko vya kitambaa, watu waweke vya mifukoni kabla ya kupanda. Na kila alichookota alikifunga kikaratasi: mashine gani, kiti cha ngapi, saa ngapi. Hakuna aliyemtuma.

Tulifahamiana kwa aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimempeleka mpwa wangu kwenye viwanja vya Musoma, naye akakataa kupanda mabembea ya minyororo peke yake. Nikapanda. Tulipofika juu, ziwa likafunguka mbele yetu lote, limejaa jua, na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikapiga ukelele wa raha ambao sikuwa nimeupiga tangu utotoni. Ukelele ule ulitoka na meno yangu mawili ya mbele, yale ya bandia. Nikateremka nimeziba mdomo, nikajipanga kwenye foleni ya meza yake, nyuma yangu wakiwa wamesimama watu sita, wawili kati yao wasomaji wa safu hii.

"Karibu baba. Umepoteza nini?"

Nikanong'ona kwamba ni kitu binafsi.

"Sawa, lakini lazima ukieleze. Mimi sionyeshagi kitu kabla mwenyewe hajakisema."

Nilifumbua mdomo kidogo, herufi ya kwanza ikatoka na upepo mtupu. Akanitazama mara moja tu. Hakucheka, hakugeuza hata shingo. Alinisogezea daftari na kalamu akasema kwa sauti ya kawaida, "Andika." Nikaandika: *Meno mawili.* Akasoma, akaichukua kalamu, akaandika chini yake: *Ya juu ama ya chini?* Nikajibu kwa kalamu. Kisha akainama chini ya meza, akatoka na bahasha iliyofungwa, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele ya wote waliokuwa wakisubiri. "Barua yako hii, baba. Ilifika salama." Nilikwenda nyuma ya lori, nikafungua barua yangu, nikarudi nikiwa mtu. Tangu siku hiyo nikawa kila sikukuu napita mezani pake, nikikaa kwenye kreti tupu la soda na kumsikiliza.

Usidhani alizaliwa na umakini ule. Aliniambia mwenyewe kwamba mwaka wake wa kwanza alimpa kijana mmoja mtanashati mkoba, kwa sababu tu alikuja anahema na kusema, "Mama, ule pale wangu." Jioni alikuja binti mwenye mkoba, ambaye siku iliyofuata alikuwa anasafiri kwenda chuoni, na vyeti vyake vyote vilikuwa humo. Havikupatikana. Binti alichelewa chuo mwaka mzima. "Nilikuwa namwonea mtu huruma kumuuliza," aliniambia, "kumbe nisipouliza ndiyo namwonea mwingine." Tangu hapo maswali yake hayakumbagua mtu. Nimemwona akimhoji diwani juu ya kofia.

Lakini ninachotaka kukusimulia leo ni Idi pili ile pale Bunda. Uwanja ulikuwa umefurika. Waislamu wa mjini walikuja na nguo mpya, wakulima na wafugaji wa Butiama walikuja na watoto wao kwa sababu raha haina dini, jenereta linanguruma, spika inapiga muziki mpaka kifua kinagonga. Kama saa kumi alasiri, mabembea ya minyororo yaliposimama, binti wa miaka tisa hivi aliteremka akasimama palepale, mkono sikioni. Mama yake, mwanamke kutoka kijijini Kiriba aliyekuja kwa shangazi yake wa Nyasura kwa ajili ya sikukuu, aliinua ushungi wa mtoto, akaangalia sikio la kulia, la kushoto, kisha akaketi chini vumbini. Binti alikuwa hasikii vizuri tangu kuzaliwa. Alikuwa na kifaa kidogo cha kusikilizia, ukubwa wa punje ya haragwe, walichokipata baada ya safari nyingi za Mwanza na miaka miwili ya kusubiri. Hakuna mwaka aliosoma shule kwa raha kabla ya kifaa hicho. Sasa kilikuwa kimeruka, na palikuwa na mamia ya watu wanaotembea.

Marehemu alifika mbio. Alisikiliza maneno matatu tu ya yule mama, akageuka akamwambia fundi, "Zima."

"Nizime mabembea?"

"Zima jenereta. Kila kitu."

Gurudumu likasimama, muziki ukakatika katikati ya neno, na mmiliki wa kampuni akaja anapasua umati. "Mama, una wazimu? Watu wamekata tiketi! Ukizima leo, ujue kazi huna!"

"Basi ngoja nizime kwanza," alimjibu, "halafu utanifukuza."

Akapanda juu ya meza yake. Mwanamke mfupi, kitenge kimefungwa kiunoni, bila kipaza sauti. Nilikuwa hatua kumi kutoka alipo na nakumbuka kila neno. "Wageni wangu! Kila mtu asimame alipo! Asitembee mtu! Kuna mtoto hapa amepoteza sikio lake. Ni kadogo kama haragwe, ukikakanyaga na kiatu kamekwisha. Sasa vueni viatu. Wote. Hata wewe, bosi."

Niliyoyaona baadaye sijui kama nitayaona tena. Mtu mmoja alivua. Kisha kumi. Kisha uwanja mzima ulikuwa umeinama unafungua kamba na vifungo. Mzee mmoja mfanyabiashara wa mjini, kanzu yake nyeupe haijamaliza siku mbili tangu itoke kwa fundi, alipiga magoti kwenye vumbi akawa anapapasa majani kwa viganja, kando yake mama mwenye rozari shingoni alikuwa anapapasa vilevile, wakagawana eneo: "Wewe nenda kule, mimi hapa." Msichana wa saluni alichomoa kucha zake za bandia ili asikiumize kifaa akikigusa. Dakika tano. Dakika kumi. Hakuna kitu. Watu wakaanza kutazamana, na yule mama wa Kiriba akaanza kulia bila sauti, kichwa cha mtoto kifuani pake.

Marehemu akateremka, akachuchumaa mbele yake. "Mama, kitu chenyewe kikoje? Nieleze kama vile mimi sikijui kabisa." Ilikuwa ile kanuni yake ya mezani. Mwanamke alieleza rangi, akaeleza kamrija kake, kisha akasema kama mtu anayekumbuka jambo dogo lisilo na maana: "Na kikiwa hakipo sikioni, ukikifunika, kinapigaga mluzi."

Marehemu alisimama. "Nyamazeni!" Mara hii sauti yake ilipasuka. "Msipumue! Sikilizeni mluzi!"

Tulinyamaza. Niamini, msomaji, mamia ya watu siku ya Idi walinyamaza, peku, katikati ya uwanja wa Bunda. Kichanga kimoja kililia, mama yake akakinyonyesha. Lori lilipita barabara kuu ya Mwanza, tukalisubiri lipite. Kisha muuza bisi, aliyekuwa amesimama nyuma ya uzio na beseni lake lililofunikwa kitambaa, aliruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Jamani! Beseni langu linalia!"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Marehemu alienda pale kwa hatua za mtu anayembeba mtoto aliyelala. Alifunua kitambaa, akazamisha vidole kwenye bisi taratibu, akatoa punje moja, akatoa nyingine, na ya tatu haikuwa bisi. Kumbe kilikuwa kimeruka wakati beseni liko wazi, mteja anahudumiwa. Alikifuta kwa ncha ya kitenge chake. Mama mtu alikipokea, akamvisha mtoto sikioni, akarekebisha sauti yake. Na palepale uwanja ukalipuka. Vigelegele, makofi, viatu vikirushwa hewani, mzee wa kanzu akimkumbatia fundi wa mitambo. Mtoto aliziba masikio yote mawili, akapiga kelele kuliko sisi wote, "Mnanipigia kelele!" na akacheka, na kucheka kule kukatufanya tuwehuke upya.

Mmiliki hakumfukuza. Alinuna siku mbili, ingawa naye alikuwa peku na sisi akipapasa majani, soksi zake mfukoni. Siku ya tatu alimletea kabati lenye kufuli, akaliweka nyuma ya meza. Marehemu, kwa upande wake, hakujisifu hata kidogo. Nilipompongeza alisikitika. "Kosa ni langu. Nilimwambia atoe vya mifukoni, sikumwangalia masikioni." Kuanzia siku hiyo hakuna mtoto aliyepanda mabembea yale kabla yeye hajamwinulia ushungi au kofia.

Nimekuwa nikijiuliza wiki hii ni nini hasa tumezika. Tunao msemo kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, nao tunaupenda. Lakini tembea mjini uone tunavyowapokea hao wageni. Kwenye nyumba za kulala, kwenye maegesho, kwenye ofisi, kwenye milango ya kumbi za harusi, tumebandika kauli ileile: mali ikipotea hatuhusiki. Tumeizoea kiasi kwamba hatusikii tena inachosema. Inasema: ingia, toa ulichonacho, lakini likikupata la kukupata, sisi hatukujui. Nilipata kumuuliza marehemu kwa nini pale kwao hapakuwa na bango hilo. Alisema lilikuwepo, alilitoa akalifanya ubao wa juu wa meza yake. "Mtu amekuja kufurahi kwangu. Ameachia mikono yote miwili kwa sababu ameniamini. Sasa chake kikidondoka, nisihusike vipi?"

Tulimzika Butiama, kwenye shamba la baba yake, chini ya vile vilima vya mawe. Kwaya ya parokia iliimba, na nyuma ya kwaya walisimama wafanyabiashara Waislamu wa Musoma na Bunda na kofia zao, waliokuja wamejaza mabasi mawili. Padri aliomba aliyewahi kurudishiwa kitu anyooshe mkono. Sikuona mkono uliobaki chini.

Jumatatu iliyofuata niliingia ofisini kwetu na bisibisi mfukoni. Kwenye ukuta wa mapokezi, juu ya viti vya wageni, kauli ile ilikuwa imekaa miaka yote bila mimi kuijali. Nikafungua skurubu nne, nikaliteremsha bango. Mlinzi wetu alinitazama kwa wasiwasi wa kweli. "Sasa mzee, mtu akipoteza kitu chake humu ndani, tutamwambiaje?"

"Tutamuuliza kikoje," nikamwambia, "halafu tutavua viatu tukitafute."