Ugoro Kwenye Jicho la Mbwa

Ilianza Jumamosi saa kumi na moja jioni, tukitoka kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia. Mbwa wetu mzee alikuja kutulaki, akagonga kikapu kilichokuwa mbele yake waziwazi. Anko, kaka mkubwa wa mama, akamshika taya na kumtazama. Macho yote mawili yalikuwa meupe katikati, kama maji ya mchele.

Huku Kibugu ng'ombe akiingiwa na ukungu machoni, mtu hutafuna ugoro na chumvi, halafu anamtemea humo ndani. Anayeitwa kila mara ni anko. Basi akatafuna. Povu la kahawia likamshuka kidevuni, naye akalirudisha kwa ulimi. Akambana mbwa kwa magoti, akapanua jicho la kushoto kwa vidole vyenye mavi ya ng'ombe, akatema. Mbwa alilia kama mtoto.

"La pili kesho," alisema, akijifuta kwa mkono wa sweta. "Leo mate yameisha."

Mama alicheka. Nilichukia hata hicho kicheko.

Kabla ya giza daktari wa mifugo akaja kumpandikiza ng'ombe wetu mbegu. Mimi na wageni hatuelewani, mdomo hunikauka, lakini nilimwonyesha mbwa. Akamulika na simu. Alisema huo ni mtoto wa jicho: weupe uko ndani, nyuma ya mboni, hakuna cha kutema wala kupaka kitakachoufikia. Dawa yake ni upasuaji, na kwa mbwa mpaka Nairobi. Ugoro ulikuwa umeongeza kidonda tu. Akaosha, akaacha dawa ya matone.

"Hili la kulia bado linaona mwanga," akaniambia. "Lisiguswe."

Mama alimpigia anko, akajibiwa kwamba daktari anajua ng'ombe wa vitabuni.

Asubuhi jicho la kushoto lilikuwa limegandana kwa usaha wa kijani, nzi wakilinywa. Anko akaingia, shavu limejaa. Nikakaa chini, nikapakata kichwa cha mbwa, nikafunika jicho la kulia kwa kiganja.

"Toa mkono, kasichana," akasema kwa shida, mdomo umejaa.

"Anko, hapana."

Akatema hivyo hivyo, nafikiri alidhani nitakwepa. Mate yalikuwa ya moto, mazito, yakateleza kati ya vidole vyangu hadi kwenye sketi. Sikuondoa mkono mpaka niliposikia geti likifungwa. Ndipo nikausugua kwa sabuni ya kufulia, nikarudi kumtia mbwa matone.