Mama Anayezungusha Wageni

Mama anayezungusha wageni kisiwani kwetu, huku pwani ya Georgia, Marekani, huendesha basi lake dogo kwa mkono mmoja, na wa pili huonyesha vinamasi, mnara wa taa na magofu ya nyumba ya bwana wa watumwa. Makaburini, walikozikwa watumwa hao na wazao wao, huzima injini na kushusha sauti yake. Jumanne iliyopita mgeni mmoja wa Kizungu alisoma jina kwenye kaburi, akaangua kilio.

“Pinckard ni jina letu! Mababu zangu ndio waliowamiliki hawa.”

Mama alimtazama, kisha akatoa reki ya majani ndani ya basi, akampa.

“Usinililie hapa, mwanangu. Anza na bibi yangu pale, majani yamemfunika.”

Walifagia pamoja. Feri ya kuwarudisha wageni bara ilipopiga honi ya kuondoka, hakuna hata mmoja wao aliyegeuka.