Mguu Chini ya Benchi

Bibi yangu alikuwa na sheria moja juu ya mapacha, na katika miaka ile ya vita sheria hiyo ilitawala nyumba yetu ya Butembo kuliko askari wowote waliopita pale: kinachopewa mmoja, lazima mwenzake naye apewe. Nilipotobolewa masikio, ndugu yangu alifungwa uzi sikioni asije akaona wivu. Alipotahiriwa akachinjiwa kuku, nami nilichinjiwa wangu, nikamla mpaka shingo bila kujua ninapongezwa kwa lipi.

Tulipomaliza shule ya msingi, Baba akaivunja sheria hiyo mbele ya ugali. Alisema mimi niende kwa masista, shule ya wasichana pekee. Pacha wangu aende kwa mapadri, wavulana pekee. Mama, aliyelelewa Kiprotestanti, alitaka sote wawili twende shule ya mchanganyiko ya kanisa lao, pale pale mlimani kwetu.

"Na pale kwa barrière ya baaskari, huyu mutoto mwanamuke atapita peke yake?" Mama aliuliza, akiwaza kizuizi cha njiani.

"Atapita na benzake," Baba akajibu. "Mais kule kwa ba masœur atasoma bila kuangalia bavulana."

"Mapasa hapana kubatenganisha," bibi akasema. "Donc, peleka bote kwa ba masœur."

Baba akacheka, akacheka peke yake. Bibi hakuwa anatania.

Sisi hakuna aliyetuuliza. Wangetuuliza tungenyamaza, maana tulikuwa na siri: mimi nilikuwa na hesabu, yeye alikuwa na mdomo. Mwalimu alipomwuliza hesabu, nilimkanyaga chini ya benchi mpaka jibu litimie. Jibu likizidi kumi, alichechemea hadi nyumbani. Nami nikiulizwa kitu kwa Kifaransa, yeye alikuwa amekwisha kujibu kabla sijafungua kinywa, na walimu walizoea. Kwa hiyo kizuizi cha askari sicho kilichoninyima raha. Niliogopa kusimama peke yangu mbele ya watu, na zaidi nilimwogopea yeye. Huko kwa mapadri nani angemkanyaga?

Baba alishinda, kwani ndiye aliyeleta chumvi na vitambaa kutoka mpakani Kasindi na kuviuza, na mwenye kulipa ndiye mwenye kusema. Muhula wa kwanza nilisimamishwa mara kwa mara. Sista wetu alingoja jibu mikono imekunjwa, na kungoja kwake hakukuwa na mwisho. Nilijifunza kusema ili tu aniache niketi. Ndugu yangu hakutaja hesabu hata siku moja, nami nikadhani ni aibu.

Kisha mapigano yakazuka upande wa Beni. Watu wakamiminika Butembo na magodoro kichwani, shule ya mapadri ikawa makao yao, na wavulana wakahamishiwa kwa masista. Mabenchi hayakutosha, tukachanganywa. Mama alitabasamu siku nzima. Bibi alitukumbusha kwamba yeye alikwisha sema, na safari hii Baba hakucheka.

Ndugu yangu aliwekwa kando yangu. Asubuhi ile ile sista akaandika hesabu ubaoni, akamsimamisha. Jibu lilikuwa sita. Nikaanza kumkanyaga: moja, mbili. Akauondoa mguu wake.

"Ni sita, ma sœur," akasema, akaeleza vizuri jinsi alivyoipata.

Nilifurahi kwa ajili yake, na papo hapo nikaumia, kama mtu aliyempikia mgeni akaambiwa mgeni amekwisha kula.

Zamu yangu ikafika. Sista akaniuliza kwa Kifaransa, na ndugu yangu, kwa mazoea, akafungua kinywa. Nikamkanyaga tena, mara moja tu lakini kwa nguvu. Nikasimama, nikajibu mwenyewe mpaka mwisho. Nilipoketi nikamtazama, nikaona kwamba naye ameumia, wala si mguuni.

Jioni bibi akatuita, akauliza kama alivyouliza siku zote: je, huko shuleni mmetendewa sawa?

"Sawasawa, koko," tukajibu kwa pamoja.

Kesho yake sista alisema anayetaka kubadilisha nafasi abadilishe. Wenzetu walihama kwa kelele, wasichana huku, wavulana kule. Sisi tulibaki benchi lile lile, miguu yetu karibu karibu, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake.