Isidore na Kipanya cha Mkono wa Kushoto

Wateja wangu wengi wanashika kipanya kama mtu aliyeiba kuku: kwa nguvu zote, wakiogopa kisipige kelele. Nimewaambia mpaka nimechoka. Mimi naitwa Bibiche, nina chumba cha kompyuta hapa Kasuku, mtaa wa Kindu, karibu na njia inayoshuka bandarini. Kabla ya vita nilikuwa mpiga taipureta ofisini, na masista walionifundisha walikuwa wakali: mabega chini, kiwiko karibu na mbavu, kiganja kisikunjike. Ukikunja, unapigwa rula. Taipureta zilikwisha zamani, lakini mkono wa binadamu ni ule ule. Vijana wananicheka: “Mama Bibiche, hii njo game, haiko ofisi!” Haya, chekeni. Baadaye wanakuja kunionyesha kidole gumba kimekufa ganzi, nami nawapa pole ya mdomo tu.

Isidore si kijana. Ni fundi baiskeli wa karibu na stesheni, nywele zimeanza kuwa nyeupe, maneno yake machache. Hakuja kwangu kwa kupenda michezo. Alikuja kwa sababu ya binti yake Falone, anayeishi Kisangani, ambaye alimwona mara ya mwisho akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nicole, mama wa huyo binti, alipofariki, Falone alitafuta namba ya baba yake akampigia. Kwenye simu hawakuwa na la kusema. “Habari ya huko?” “Muzuri.” “Mvua?” “Ilinyesha.” Unite za simu zinakwisha bure. Ndipo Falone akasema wajaribu kucheza pamoja kwenye mtandao, labda maneno yatakuja yenyewe. Isidore alikubali kabla hajajua kompyuta inawashiwa wapi.

Michezo ya bunduki aliikataa. “Bunduki nilisha kuziona, Mama Bibiche. Zinatosha.” Falone akachagua mchezo wa watu wawili wanaovusha mizigo kwenye madaraja mabovu. Mmoja anashikilia kamba kwa kipanya, mwenzake anapita. Ukilegeza, mwenzako anaanguka majini.

Kila Jumamosi asubuhi walicheza, na kila Jumamosi Falone alianguka majini. Isidore alikuwa anainua kiwiko juu hewani, bega limefika sikioni, jasho linamtoka, na kila alipotaka kuvuta kamba mkono ulichelewa. Binti hakumwita Papa. Alimwita Isidore, kama mtu anayeita fundi wa barabarani. Siku moja sauti yake ikatoka kwenye spika, chumba kizima kikasikia.

“Isidore, umechelewa tena. Kuchelewa njo kazi yako.”

“Pole,” akasema.

“Jumamosi ijayo ikiwa vile vile, tuache. Mama yangu alikungoja mpaka akachoka. Mimi sina nguvu ya kungoja.”

Akakata. Isidore alibaki anatazama kioo, na nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, maana mimi huruma yangu inatokea kwa mlango wa hasira. Nikavuta kiti changu.

“Leta mukono hapa. Unakaa kama kuku anayetaka kuruka! Shusha bega. Kiwiko hapa. Laza kiganja juu ya kipanya, kipumzike, usikibane.”

Akashusha bega. Akaweka kiwiko mezani. Kiganja hakikulala. Nikakisukuma chini polepole, naye akauma meno. Mkono wake wa kuume ulikuwa umesimama kwa ubavu, kama mtu anayetaka kukupa salamu, na ili ulale ilimbidi ainue kiwiko chote hewani. Kumbe si uvivu, wala si ujinga. Mfupa wenyewe ulikuwa umepinda.

“Isidore, huu mukono ulifanywa nini?”

“Achana na ile, mama.”

“Siachani nayo. Sema.”

Akasema, lakini ilikuwa kama kung’oa msumari. Wakati wa vita reli ilikatika, na chumvi ilifika miji midogo ya Pangi na Kama kwa baiskeli tu. Isidore alikuwa mmoja wa wale wasukumaji. Mtu hapandi baiskeli yenye mzigo ule. Anatembea pembeni yake, fimbo imefungwa kwenye usukani, magunia yanamzidi kimo. Alikuwa anakaribia Kama na mzigo wa chumvi aliposikia mapigano yamekaribia Kindu. Msukumaji mwenzake akamletea neno la Nicole: anapanda mashua na mtoto kwenda Ubundu, Isidore afanye haraka awakute.

Isidore alikata kamba za magunia palepale njiani. Chumvi yenyewe ilikuwa ya watu, si yake. Aliimwaga yote kwenye majani, akapanda baiskeli tupu, akateremka vilima kama mwenda wazimu. Karibu na Pangi breki zikakatika. Wanakijiji walimwokota bondeni, mkono umevunjika mahali pawili, na mzee mmoja anayejua mifupa akaufunga kwa vipande vya mianzi. Alitaka kuondoka kesho yake, homa ikamlaza. Alipofika Kindu mashua ilikuwa imekwenda, na mto ukafungwa na watu wa silaha. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya.

Nicole alisikia jambo moja tu kutoka kwa wapita njia: mume wako alionekana Kama na chumvi. Mengine akayamalizia mwenyewe. Falone amelelewa na maneno hayo: baba yako alichagua chumvi.

“Na wewe hukumwambia mtoto?”

“Nimwambie nini? Kwamba nilianguka? Atasema niko naomba huruma.”

“Ni kiburi hicho.”

“Haiko kiburi, mama. Ni haya.”

Eti haya! Wanaume wa mji huu wanaweza kupoteza nyumba nzima kwa sababu ya haya, kisha wanakaa juu ya magofu wakisema Mungu amepanga. Sikumwambia hivyo. Nilichukua kipanya nikakihamishia upande wa pili wa mashine.

“Kuanzia leo, kushoto.”

Pale Djamali akainua kichwa. Djamali ni mshonaji, mtu wa swala, mteja wangu wa siku nyingi. “Kushoto? Mkono wa chooni? Halafu miye nishike kipanya hicho, kiisha nile mandazi yako?”

“Djamali, wewe unachokonoa pua kwa mkono wa kuume ukingoja game ifunguke. Nani alikusema?”

Watu wakaangua kicheko. Djamali akanuna, akasema ada ni ada, mkono wa kushoto haupokei wala hautoi, na mtu mzima anayeshika kitu cha wote kwa mkono ule anawatukana wenzake. Hakusema uongo. Hata mimi nikipokea kitu kwa kushoto mbele ya wakubwa naomba samahani. Isidore alikuwa tayari amesimama aondoke. Nikamkalisha, nikafunga uzi mwekundu kwenye kipanya kimoja, nikatangaza: hiki ni cha Isidore, asiguse mwingine, na maneno yaishe.

Wiki ile alikuja kila siku baada ya kazi. Nilimpandisha kiti ili mkono mzima ulale mezani, nikamwambia asogeze kutoka begani, si kutoka kiganjani. Mkono wa kushoto haukuwa na maumivu, ila ulikuwa mjinga. Akitaka kulia, mshale unakwenda juu. Akibonyeza, anabonyeza kingine. Djamali alimtazama siku mbili. Ya tatu akaleta mto mdogo alioushona kwa vipande vya pagne, vile vitenge vya akina mama, na kuujaza pamba. “Ni wa kiwiko,” akasema. “Kile kipanya sitakishika, tusikosane.”

“Aksanti, ndugu yangu,” akasema Isidore.

Jumamosi ikafika. Falone akaingia, sauti kavu. Daraja la kwanza Isidore alishika kamba, binti akapita. Nilishangilia mpaka nikaambiwa ninyamaze. Daraja la pili lilihitaji haraka. Mshale ukapotea pembeni, kamba ikalegea, Falone akaanguka majini.

“Basi,” sauti ikasema. “Nilisha kukuambia. Kwaheri, Isidore.”

Isidore akaachia kipanya. Akaanza kusukuma kiti nyuma. Alikuwa anamwacha aende, jamani, hivi hivi! Hapo damu ilinipanda. Nikanyakua maikrofoni.

“Wewe binti, usikate! Mimi ni Mama Bibiche, mwenye chumba. Baba yako iko nacheza na mukono wa kushoto. Wa kuume ulivunjika njia ya Kama, alikuwa anakimbilia mashua yenu. Alisha kumwaga chumvi yote njiani ili aende mbio. Hakuchagua chumvi. Sasa kata, kama unataka kukata.”

Isidore aliniangalia kwa macho ambayo sikuyajua. “Mama, nani alikutuma?” Hakuna aliyenituma. Akasimama, nami nikaona nimeharibu.

Spika ilitoa mkwaruzo tu. Nilidhani mtandao umekwenda. Halafu Falone akauliza, kwa sauti ndogo, “Chumvi aliimwaga?”

Isidore alitazama ule mto wa kiwiko. Djamali akamgusa mgongoni.

“Niliimwaga,” akasema.

“Yote?”

“Yote. Bila hivyo nisingepanda baiskeli.”

Tukasikia vitu vinasogezwa upande wa kule, kikombe, kiti. Kisha kwenye kioo yule mtu wa mchezoni wa Falone akatokea tena mwanzoni mwa daraja. Alikwenda hatua mbili, akagonga jiwe, akarudi nyuma, akazunguka mahali pamoja kama mlevi. Binti ambaye hakuwahi kukosea hata ubao mmoja!

“Falone,” Isidore akauliza, “kuna nini? Mashine imeharibika?”

“Hapana. Nimeweka kipanya kushoto.” Akagonga jiwe tena, akasonya. “Kumbe ni ngumu hivi? Kaa, Papa. Tuanze upya. Nenda pole pole, nitakungoja.”

Isidore akakaa, akalaza kiwiko juu ya mto, akashika kamba.