Mkono wa Kushoto Timboni

Nilimwosha kaka yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Kifua kilikuwa kimebonyea upande mmoja, ngozi imechunika, changarawe za timbo zimezama ndani ya nyama. Tulizitoa moja moja. Mwoshaji aliniambia nikae kando nikipenda. Sikukaa kando.

Sote wawili tulikuwa bodaboda Kisauni. Kwenye mteremko, bodaboda hutia frii akaiacha pikipiki ijiendee bila gia, abane mafuta. Kaka alizoea hivyo. Kisha akanunua pikipiki kuukuu ya porini, ndefu, yenye matairi ya meno, akawa anaipeleka kwenye timbo la zamani huko Bamburi, ambako mawe hayachimbwi tena. Siku moja akaushuka ukingo wa timbo vilevile, kwa frii. Ikamkimbia. Alipobana breki ya mbele ikampindua, ikamwangukia.

Baada ya arobaini niliipeleka pikipiki ile kwa rafiki yake, aliyekuwa naye siku hiyo, na ambaye hufundisha watu kuendesha hukohuko timboni. Nikamwambia nataka kushuka palepale, nifike chini mzima. Hakuniuliza sababu. Alinivisha buti, kinga za magoti na helmeti. Akasema gia ya kwanza ndiyo itakayonishika: nisimame juu ya vikanyagio, nirudishe makalio nyuma, klachi nisiiguse, maana kuibana ni sawa na kutia frii.

Mkono wa kushoto haukusikia. Tulianzia kwenye kilima kidogo, na kila pikipiki ilipoinama vidole vilikwenda kwenye klachi vyenyewe. Ikanibwaga. Jiwe likanipasua kiwiko, eksosi ikaniunguza mguu, usukani ukanipiga tumboni nikatapika. Mwalimu akakata kijiti, akawa anakimbia ubavuni mwangu. Vidole vikinyooka, ananichapa.

"Huna abiria hapa, bwana," akasema. "Mafuta ya nani unayaonea uchungu?"

Nilimchukia. Jioni mama alinikanda vidole kwa maji ya moto, akaniuliza kama nataka watu waje kumwosha na wa pili. Kesho yake nikarudi.

Siku niliyoushuka ukingo wenyewe, injini ililia kama mnyama anayechinjwa. Mawe yalipiga tairi la mbele, usukani ukanichapa mikono hadi mabegani. Pale alipoangukia kaka, vidole vilinyanyuka. Nikavirudisha. Nikafika chini.

Nikazima injini. Kumbe panashukika. Nikateremka, nikaipiga pikipiki mateke, tangi, taa, tairi, mpaka ikaanguka, na ilipoanguka nikazidi kuipiga. Mwalimu alinikamata kwa nyuma akanibana mikono. Nilimsikia kifua kinamtetemeka mgongoni mwangu.

"Nilimwambia atie gia," akasema. "Wallahi nilimwambia. Akanicheka."

Akaniachia. Kisha tukainyanyua pamoja. Usukani ulikuwa umepinda.